Sakata la mipira ya NFL: 'Chanzo cha kuaminika' kiaminike kwa kiasi gani?

WASOMAJI wa kurasa za michezo wameizoea sentensi isemayo kuwa habari imetolewa na chanzo cha kuaminika ambacho hakikutaka jina lake litajwe. Sakata lililoitikisa Marekani mwaka 2015 linaonyesha kwa nini sentensi hiyo inastahili kuhojiwa, hasa pale habari yenyewe inapomhusu mtu anayekabiliwa na adhabu.

Januari 18 mwaka huo, timu ya New England Patriots iliifunga Indianapolis Colts kwa pointi 45 dhidi ya 7 na kuingia fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL. Katika ligi hiyo kila timu hutumia mipira yake inaposhambulia, na kanuni zinataka mpira uwe na shinikizo la upepo la kati ya paundi 12.5 na 13.5 kwa kila inchi ya mraba. Colts walidai kuwa mipira ya wenzao ilikuwa imepunguzwa upepo ili ishikike kwa urahisi.

Siku mbili baadaye, Chris Mortensen, mwandishi mkongwe wa kituo cha ESPN, aliwanukuu watu wa ndani ya ligi, bila kuwataja, akisema mipira 11 kati ya 12 ya Patriots ilipungukiwa paundi 2 kila mmoja.

Takwimu hiyo ilikuwa na uzito. Baridi peke yake hupunguza shinikizo la upepo ndani ya mpira, hivyo upungufu mdogo ungeweza kuwa kazi ya hali ya hewa. Upungufu wa paundi 2 katika karibu mipira yote ulionekana kuwa kazi ya mkono wa mtu.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kwa zaidi ya miezi mitatu umma uliamini hivyo. Ligi, iliyokuwa na vipimo halisi tangu usiku wa mchezo, haikujitokeza hadharani kuisahihisha habari hiyo.

Vipimo vilitolewa Mei 6 katika ripoti ya wakili Ted Wells, aliyeteuliwa na ligi kuchunguza suala hilo. Mipira 11 iliyopimwa wakati wa mapumziko yote ilikuwa chini ya kiwango. Hata hivyo, ni mmoja tu uliofikia upungufu wa paundi 2, tena kwa kipimo kimoja kati ya viwili vilivyotumika. Kwa kipimo cha pili, hakuna hata mmoja.

Hilo halikumsafisha nyota wa timu hiyo, Tom Brady. Ripoti ilisema kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alikuwa na fununu za hujuma hiyo, na akafungiwa michezo 4. Jaji mmoja aliifuta adhabu hiyo Septemba 2015, lakini mahakama ya rufaa iliirejesha Aprili 2016. Mahakama hiyo ilijikita katika mamlaka ya kamishna wa ligi. Haikuamua iwapo mipira ilichezewa.

Chanzo kisichotajwa si lazima kiwe kinasema uongo. Mwaka 2004 gazeti la San Francisco Chronicle lilichapisha ushahidi wa siri wa wanamichezo katika kesi ya dawa za kuongeza nguvu iliyoihusu maabara ya Balco. Ushahidi huo ulikuwa wa kweli. Mwaka 2007 ilibainika kuwa aliyeuvujisha ni mmoja wa mawakili wa utetezi, ambaye awali aliiomba mahakama ifute kesi kwa sababu ya uvujaji huohuo.

Kwa hiyo msomaji ana maswali matatu ya kujiuliza. Je, mtoa habari yuko upande gani wa shauri? Je, alishuhudia mwenyewe au naye aliambiwa? Na je, kuna waraka utakaothibitisha maneno yake? Katika mashauri ya nidhamu, mara nyingi upande unaoshtaki ndio unaoshika kumbukumbu, na ndio unaoweza kuchagua kipi kivuje na lini. Mtuhumiwa hubaki kujibu takwimu ambayo hajaonyeshwa, mbele ya umma ambao tayari umekwisha kumhukumu.