MUUGUZI ANAYEZALISHA: KAZI YAKE NA MASOMO YAKE



Katika mashamba ya michikichi ya Rumonge, kazi ya mtu huonekana kwa macho. Mvunaji huhesabiwa mikungu, mkamuaji hupimiwa mawese yake. Muuguzi anayezalisha hapimwi hivyo. Akifanya kazi vizuri, mama na mtoto hurudi nyumbani, nasi twasema ni bahati. Tunapenda kueleza kwamba huo ni ujuzi wenye masomo yake.

Mama anapofika na uchungu, muuguzi humpima joto na msukumo wa damu. Kila nusu saa husikiliza moyo wa mtoto, na yote huyaandika katika karatasi maalumu. Karatasi hiyo humwonyesha mapema kama uchungu unakwenda sawa au umekwama. Ukikwama, mama hupelekwa hospitali kabla nguvu hazijamwishia. Mtoto akishatoka, muuguzi humchoma mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi katika dakika ile ile, ili damu isimwagike. Mtoto asipolia, humfuta na kumsugua mgongo. Asipopumua bado, humpulizia hewa kwa kifaa. Mama mwenye afya aweza kufa kwa kutokwa na damu katika saa chache tu. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 70. Kwa hiyo ujuzi lazima uwe papo hapo, karibu na mama.

Ujuzi huo haupatikani kwa wiki mbili. Shirikisho la Kimataifa la Wakunga limeweka kipimo: anayeanza ukunga moja kwa moja asome miaka isiyopungua 3, na aliye muuguzi tayari aongeze miezi 18. Angalau nusu ya mafunzo iwe ya vitendo. Nchini Burundi wakunga hufundishwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii, Bujumbura. Hata hivyo, katika vituo vingi vya afya wanaozalisha ni wauguzi wa kawaida, ambao masomo yao yalikuwa ya uuguzi wa jumla.

Tarehe 1 Mei 2006, sikukuu yetu wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba uzazi, na matibabu ya watoto wasiotimiza miaka 5, vitakuwa bila malipo katika vituo vya serikali. Akina mama wakaja kwa wingi, lakini wauguzi hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mzigo ukawaangukia waliokuwepo.

Basi, ndugu, tusingoje usiku wa uchungu. Mke ahudhurie kliniki tangu mimba changa, na nauli iwekwe akiba. Nasi katika chama, tunapodai mshahara wetu, tumdai pia muuguzi glavu, dawa, taa na nafasi ya kurudi masomoni. Naye ni mfanyakazi kama sisi, na watoto anaowapokea ni wetu.