Banki ilipofunga konti yangu



Mama Prezidanti ameniomba niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mlilisikia nusu nusu pale sokoni. Ndiyo, ni mimi ambaye konti yake ilifungwa na banki. Ndiyo, neno lililotajwa ni udanganyifu. Nitasema yote, hata sehemu inayonitia haya, kwa sababu tangu siku ile wamama watatu wamekuja kwangu kwa siri kuniuliza wafanye nini. Konti zao pia zilifungwa. Afadhali tulizungumze mchana kuliko kunong'onezana usiku.

Siku yenyewe

Ilikuwa siku ya Jumanne. Binti yetu alikuwa mwaka wa mwisho wa humanite, na shule ilitupa mpaka Ijumaa kulipa pesa za kushiriki mtihani wa Serikali. Tena nilitakiwa kutoa dola 300 za mwenzetu mmoja wa kundi ambaye alikuwa amepewa mkopo ili aende kununua bidhaa Kasumbalesa.

Kwenye gishe, kijana aliangalia mashine yake, akaniangalia mimi, akaangalia tena mashine. "Mama, konti yako imezuiliwa. Pita kwenye biro ile ya nyuma." Kule nyuma nilikaribishwa kiti. Nikaambiwa: "Kuna pesa iliyoingia kwenye konti yako ambayo mwenyewe analalamika kwamba alidanganywa. Tunachunguza. Kwa sasa hakuna kinachotoka." Niliuliza mpaka lini. "Siwezi kukuambia siku, mama."

Konti ilikuwa na dola 2,310. Katika hizo, 1,450 zilikuwa za kundi letu, 500 zilitumwa na kaka yangu aliye Ulaya kwa matibabu ya mama yetu, na 360 tu zilikuwa zangu. Nilitoka mule nikiwa na franga za usafiri peke yake.

Dola 40 za sukari

Sasa sehemu ya haya. Wiki tatu kabla ya hapo, kijana wa parsele ya jirani alikuja nyumbani. Ninamjua tangu anatembea bila viatu. Akaniambia: "Mama, kuna mtu anataka kunitumia pesa ya kazi, lakini mimi sina konti. Nipokelee kwenye yako, nitakupa ya sukari." Sikumuuliza ni kazi gani. Zikaingia dola 640. Nikatoa 600, nikampa mkononi, 40 zikabaki kwangu. Nikashukuru Mungu, maana wiki ile makala yalikuwa yameisha nyumbani.

Wamama, huo ndio mtego. Mwizi wa siku hizi hahitaji kuvunja mlango. Anadanganya mtu kwa simu, kisha anatafuta konti ya mama mwenye sifa nzuri ili pesa ipitie pale. Yeye jina lake halionekani popote. Jina linaloonekana ni la mama. Kijana yule alikuwa ameshahama nilipoanza kumtafuta, na simu yake haikupatikana tena.

Kwa nini banki inafanya hivyo

Mwanzoni nilikasirika sana. Baadaye avoka mmoja, ndugu ya mwenzetu, alinieleza, na nikaelewa.

Nchi yetu ina Sheria nambari 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022, inayopiga vita kusafisha pesa chafu na kugharimia ugaidi. Ilichukua nafasi ya ile ya 2004. Sheria hiyo inazitaka banki zimjue mteja wao, zijue pesa yake inatoka wapi, na zitoe taarifa kwa CENAREF, ofisi ya Serikali inayochunguza mambo ya pesa, zikiona kitu cha kushangaza. Oktoba 2022 Kongo iliwekwa pia na GAFI, chombo cha kimataifa kinachopambana na pesa chafu, kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Kwa hiyo banki zinaogopa, na zikiogopa zinafunga kwanza, kisha zinauliza.

Halafu, mfanyakazi wa banki hana ruhusa ya kumwambia mteja kama taarifa imepelekwa kwa CENAREF. Ndiyo maana unapouliza, anajibu kwa maneno mafupi. Si lazima awe anakudharau.

Nilipoitazama konti yangu kwa macho ya banki, nami nilishangaa. Mama anayeuza unga sokoni, lakini watu zaidi ya 20 wanaweka pesa kwake. Pesa ya Ulaya inaingia. Dola 640 za mtu asiyejulikana zinaingia na kutoka karibu zote siku ileile. Banki haioni moyo wa mtu. Inaona pesa inavyotembea.

Nyumbani

Jioni ile nilimwambia baba watoto yote. Haikuwa rahisi. Wengine kati yetu wana konti ambayo mume haijui, na ninajua sababu zao. Tukumbuke kwamba tangu Kanuni ya Familia ilipobadilishwa kwa sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mumewe ili kufanya matendo ya kisheria kama kufungua konti yake mwenyewe. Lakini haki ni kitu kimoja, na kubeba mzigo kama huu peke yako ni kitu kingine. Kama si mume, basi mwambie dada, yaya au mama mkubwa. Usilale nalo.

Baba watoto alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na zile 40, ulinunua nini?" Nikamjibu: makala, unga na sombe. Akasema: "Basi tulikula wote." Kesho yake tulikwenda pamoja kwa prefe wa shule. Tulimwonyesha barua niliyoipeleka banki, tukalipa sehemu, tukaandika tarehe ya kumaliza. Niliuza vitenge vyangu viwili, na dada yangu akanikopesha kilichobaki.

Kwenye kundi

Kwa kweli nililia siku moja tu, na haikuwa banki. Ilikuwa Jumamosi, kwenye mkutano. Nilipomaliza kueleza, sauti moja ilisema nyuma: "Mama Trezorie amekula pesa yetu." Hakuna aliyeipinga.

Ndipo mama mmoja mzee katika kundi akasimama. Akasema: "Tusimhukumu, tuhesabu." Nilikuwa na daftari. Tulisoma ukurasa kwa ukurasa, kila mama akijibu kiasi alichotoa wiki ile, mpaka tukafika 1,450. Haikupungua hata franga moja. Kisha tukaandika proseverbali ya mkutano: kundi ni la watu 25, pesa hii ni ya akiba yao, inawekwa kwa jina la trezorie kwa sababu kundi halina konti. Wote 25 wakatia sahihi na kuleta kopi za karte ya uchaguzi. Yule aliyesema nimekula pesa alitia sahihi wa pili.

Ninaamini karatasi ile ndiyo iliyonisaidia kuliko machozi yangu yote. Banki iliweza kuona ni pesa gani ya nani.

Jinsi ilivyoisha

Nilirudi banki mara 4. Mara ya tatu nilisema wazi habari ya kijana wa jirani na dola 40. Nilikuwa nimeogopa kusema, kumbe walikuwa wanaijua tayari. Walikuwa wanangoja kuona kama nitadanganya. Nilipeleka pia malalamiko yangu polisi juu ya kijana yule, na kopi yake nikaiacha banki.

Wiki ya sita konti ilifunguliwa. Pesa ya kundi ilitoka yote, na 500 za mama yetu pia. Zile 360 zangu zilikwenda kwa mtu aliyeibiwa, na 280 zilizobaki tuliandikiana nizilipe dola 70 kwa mwezi. Mnaweza kusema si haki, maana mimi sikuiba. Lakini mtu yule naye alipoteza pesa yake, na mkono uliompa mwizi ile pesa ni wangu. Binti yetu alifanya mtihani. Namshukuru Mungu, na ninawashukuru ninyi.

Konti yako ikifungwa, fanya hivi

Nenda mwenyewe banki siku ileile, na kitambulisho chako. Usipige kelele. Uliza swali moja la maana: ni banki yenyewe iliyozuia, au kuna agizo la parke au la tribinali? Kama ni banki, utajieleza kwa banki. Kama ni agizo la parke au la tribinali, banki peke yake haiwezi kukufungulia. Tafuta avoka haraka.

Andika barua. Sema konti ni yako, unafanya kazi gani, na pesa ilitoka wapi. Peleka nakala mbili. Moja iache pale, nyingine ipigwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Neno la mdomo linasahaulika.

Kusanya karatasi: risiti za bidhaa, risiti za forodha kama unafanya biashara ya mpakani, ujumbe wa simu unaoonyesha aliyekutumia, daftari la kundi. Ndugu aliyekutumia pesa kutoka nje naye akupe karatasi ya kuituma. Usitengeneze karatasi ya uongo hata moja. Kosa dogo litageuka kesi kubwa.

Usimlipe mtu yeyote anayesema "ninamjua mtu ndani, lete dola 100". Mimi nilipigiwa simu na mtu aliyejiita wa banki, akitaka namba yangu ya siri ili "afungue konti jioni". Banki haikuulizi namba ya siri kwa simu. Wezi wanajua mtu mwenye shida anaamini haraka.

Usianze kupitisha pesa zako kwenye konti ya dada au ya mtoto bila kufikiri. Utamwingiza naye katika uchunguzi.

Wiki zikipita bila jibu, andika kwa wakubwa wa banki, ukitaja tarehe za barua zako za kwanza. Wasipojibu, unaweza kupeleka malalamiko kwa Banki Kuu ya Kongo, ambayo ndiyo inayosimamia mabanki yote. Hapo ndipo zile nakala zenye muhuri zina kazi.

Na kabla haijafungwa

Usipokee pesa ya mtu mwingine kwenye konti yako, wala kwenye konti yako ya simu, hata kama ni mtoto uliyembeba mgongoni. Mwambie: "Mwanangu, twende pamoja ukafungue yako." Kama pesa ni safi, atakwenda. Kama atakasirika, umeshajibiwa.

Pesa ikiingia usiyoijua, usiitoe. Ijulishe banki au ofisi ya simu siku ileile.

Usiweke yai lote la nyumba kwenye kikapu kimoja: acha pesa ya chakula cha wiki mbili mahali pengine salama.

Na pesa ya kundi isikae tena kwa jina la mtu mmoja. Makundi ya AVEC yana kasha lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu tofauti. Hakuna anayefungua peke yake. Kama pesa imekuwa nyingi kwa kasha, kundi lifungue konti kwa jina lake, na sahihi zaidi ya moja. Sisi tumeanza kutafuta karatasi za kundi. Zinachelewa, lakini tumeanza.

Ya kuzungumzia kwenye mkutano wa wiki hii

1. Pesa ya kundi letu iko kwa jina la nani leo? Akiugua au konti yake ikifungwa, tutaipataje?
2. Daftari letu linaweza kusomwa na mtu asiyetujua akaelewa?
3. Mwenzetu akipatwa, nani atasimama kusema "tuhesabu" kabla hatujamhukumu?

Mimi bado ni trezorie wenu. Nilitaka kuacha, mkanikatalia. Miezi miwili ya deni imebaki, kisha nitanunua kitenge.