Ujasiri wa Apolo wa Boga

Wengi kati yetu, zaidi sisi wa darasa la sita, tunasema tunataka kazi ya Mungu kiisha kupata diploma. Ni vizuri. Lakini tuone kwanza Apolo Kivebulaya alifanya nini.

Alizaliwa Uganda, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alikwisha kufika Boga, upande wa Ituri. Hakungoja kujua mambo yote! Chifu Tabaro akamukataa. Kiisha dada ya chifu akakufa kwa ajali ya mkuki, wakasema ni kosa ya Apolo, wakamufunga Toro. Alipofunguliwa akarudi palepale Boga, na nyuma Tabaro mwenyewe akabatizwa. Hapa kwetu, mtu akichekelewa kidogo tu mu bweni, anaficha Biblia chini ya mto.

Na matayarisho? Tangu 1921 aliingia mu pori kwa Wambuti, akajifunza luga yao, hata Injili ya Marko akaitafsiri. Alikufa Boga mwaka 1933.

Basi, wale wanataka kwenda vijijini wakati wa likizo kubwa: tuko hapa na wanafunzi wa makabila mengi. Tuanze kuwauliza luga zao mangaribi, kiisha chakula.