Nektarini: Lijue tunda kabla hujalifikisha mpakani

NEKTARINI ni tunda linalowachanganya wengi wanaouza matunda kati ya nchi zetu. Ganda lake laini linalong'aa humfanya mmoja aliite plamu, na harufu yake humfanya mwingine aliite pichi. Sokoni kosa hilo halina madhara makubwa, kwa sababu mteja anaonja na kununua. Mpakani mambo ni tofauti. Jina lililoandikwa kwenye karatasi lisipolingana na kilichomo ndani ya kreti, mzigo unasimamishwa, na tunda hili halina siku nyingi za kusubiri.

Pichi isiyo na vinyweleo

Watu wengi wanaamini kwamba nektarini ni mchanganyiko wa pichi na plamu. Si kweli. Nektarini ni pichi, tunda ambalo wengine huliita fyulisi. Wataalamu wa mimea wanayaweka yote mawili katika spishi moja, Prunus persica, yenye asili ya China. Kinachoyatenganisha ni badiliko katika kinasaba linalozuia vinyweleo kuota juu ya ganda. Ndiyo maana kokwa la pichi linaweza kuotesha mti wa nektarini, na imewahi kutokea tawi moja la mpichi likazaa nektarini huku matawi mengine yakizaa pichi za kawaida.

Ukiwa na shaka kama ulichouziwa ni nektarini au plamu, lipasue moja. Kokwa la nektarini ni gumu na lina mifereji na vishimo virefu kama la pichi. La plamu ni bapa na uso wake hauna vishimo hivyo. Plamu nyingi pia huwa na utando mweupe kama unga unaofutika kwa kidole, nektarini haina.

Wanunuzi wakubwa huyagawa matunda haya kwa mambo mawili. La kwanza ni rangi ya nyama: njano, ambayo kwa kawaida ina uchachu kidogo, au nyeupe, ambayo huwa na utamu mwororo lakini huonyesha michubuko upesi. La pili ni kokwa: kuna aina ambazo kokwa huachana na nyama kwa urahisi, na nyingine ambazo limeng'ang'ania. Muulize anayekuuzia ni aina gani, kwa sababu hoteli na wauza juisi hupenda lile linaloachia.

Namba mbili zisizofanana

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao forodha za Afrika Mashariki zinautumia, pichi na nektarini ziko pamoja chini ya namba 0809.30. Plamu iko chini ya 0809.40. Kama umebeba kreti za nektarini na za plamu kwenye gari moja, ziandike mbalimbali, kila moja na uzito wake. Hakikisha pia kwamba cheti cha afya ya mimea kinataja matunda yote mawili. Cheti cha plamu hakiwezi kuivusha nektarini.

Suala la asili ya bidhaa lina uzito zaidi. Tunda lililolimwa ndani ya nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki linahesabiwa kuwa bidhaa ya Jumuiya. Likivuka kwenda nchi nyingine mwanachama likiwa na cheti cha uasili, halitozwi ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kuna cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Hata hivyo, cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa mimea.

Nektarini nyingi tunazoziona mjini hutoka mbali. Afrika Kusini huvuna kati ya mwishoni mwa mwaka na Machi. Misri huanza karibu Aprili. Tunda la Afrika Kusini linaweza kuingia Tanzania kwa unafuu wa SADC, na la Misri kuingia Kenya kwa unafuu wa COMESA. Unafuu huo hauvuki mpaka pamoja na tunda. Kulihamishia kwenye kreti mpya Arusha au Nairobi hakulifanyi kuwa la Afrika Mashariki. Matunda yalitajwa miongoni mwa bidhaa zilizowekwa kwenye kiwango cha asilimia 35 cha ushuru wa pamoja kilichoanza Julai 1, 2022. Kwa hiyo, kulitangaza tunda la nje kama la hapa ni kuuweka mtaji wako hatarini.

Wekundu hudanganya

Usinunue kwa kuangalia wekundu. Wekundu hutokana na aina ya tunda na jua lililolipiga, na unaweza kuonekana hata kwenye tunda changa. Angalia rangi iliyo chini ya wekundu huo, hasa karibu na kikonyo. Ikiwa bado ni kijani, tunda limechumwa mapema. Litalainika, lakini sukari haitaongezeka, na ganda linaweza kusinyaa. Tafuta rangi iliyogeuka njano, au maziwa kwa aina nyeupe.

Baridi nayo ina mtego wake. Nektarini hukaa vizuri karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Ikikaa kwa muda kati ya nyuzi 2 na 8, ambalo ndilo joto la friji nyingi za dukani, nyama hukauka na kuwa kama unga ingawa nje linapendeza. Ambalo halijaiva liache mahali penye kivuli na hewa mpaka lilainike, kisha liuze haraka.

Je, tunaweza kulima?

Pichi na plamu zimelimwa kwa miaka mingi katika nyanda za juu, kama Lushoto nchini Tanzania, kwa hiyo nektarini si ndoto. Kikwazo ni baridi. Aina za kawaida zinahitaji saa 600 hadi 1,000 za joto lisilozidi nyuzi 7 ili zichanue vizuri. Mkulima wa kwetu anapaswa kutafuta aina zinazohitaji baridi kidogo, chini ya saa 300, kama zile zilizozalishwa na Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani.

Mche mzuri ni uliobebeshwa kwenye shina la pichi, kwa sababu wa kokwa hauna uhakika wa kufanana na mama yake. Mti huu huzaa kwenye vijiti vilivyoota msimu uliopita, hivyo kupogoa kila mwaka ni lazima. Matunda machanga hupunguzwa hadi yabaki umbali wa sentimita 15 hadi 20. Adui mkubwa ni nzi wa matunda: weka mitego, okota yaliyoanguka na uyafukie.

Vikonyo na miche visivushwe kwa siri, kwani magonjwa husafiri navyo. Omba kwanza kibali cha kuingiza mimea katika nchi unakokwenda. Mkulima wa milimani akifanikiwa, mfanyabiashara atapata nektarini yenye uasili wa Jumuiya, inayovuka bila ushuru na kufika sokoni siku chache baada ya kuchumwa.