Taa ya Pili Bafuni

Mara nyingi mwenye nyumba huona kwamba taa moja ya darini haimtoshi bafuni. Mwanga humwangukia kisogoni, na uso wake kiooni huwa gizani. Basi humwita fundi amfungie taa ya pili juu ya kioo. Kazi hii yaonekana kuwa ndogo: waya wa mita chache, kishikio kimoja na balbu. Hata hivyo, ndani yake mna kanuni za fizikia ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kufundishwa darasani, na anayezipuuza huhatarisha maisha ya watu wa nyumba nzima.

Swali la kwanza ni namna ya kuziunganisha taa hizo mbili. Zikiunganishwa kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine katika njia moja ya mkondo, volti 230 za nyumbani hugawanyika. Balbu mbili za uzi zilizo sawa zitapata volti 115 kila moja na kutoa mwanga hafifu. Tena moja ikiungua, ya pili nayo huzimika. Kwa sababu hiyo taa za nyumbani huunganishwa kwa sambamba, ili kila moja ipate volti zote 230 na iwake bila kuitegemea mwenzake.

Swali la pili ni mahali pa swichi. Swichi ikikata waya wa moto, kishikio cha taa iliyozimwa hakibaki na umeme. Ikikata waya wa nyutro, taa huzimika vilevile, lakini kishikio hubaki na volti 230. Kwa macho, taa hizi mbili hazina tofauti yoyote. Tofauti hujulikana siku mtu anapopanda kigoda kubadilisha balbu.

Swali la tatu, nalo ndilo kubwa zaidi, ni maji. Ngozi kavu na viatu vikavu huuzuia mkondo kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyelowa, aliyesimama peku juu ya sakafu yenye maji, hupoteza kinga hiyo, na ukinzani wa mwili wake waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Tukitumia kanuni ya Ohm, volti 230 zikigawanywa kwa omu 1,000 hutupa ampea 0.23. Balbu ya uzi ya wati 60 hutumia ampea 0.26. Maana yake ni kwamba mkondo ule ule unaowasha balbu moja watosha kuuvuruga moyo wa binadamu na kumwua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba fyuzi itawaokoa. Fyuzi ya ampea 5 haiwezi kukatika kwa ampea 0.23, kazi yake ni kuzilinda nyaya zisipate joto na kuwaka moto. Anayemlinda mtu ni mlinzi mwingine: kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Hulinganisha mkondo uendao kwa waya wa moto na ule urudio kwa nyutro. Tofauti ikifikia miliampea 30, yaani mkondo fulani umepata njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, hukata umeme kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Kwa hiyo taa ya bafuni yafaa iwe ya aina iliyozibwa isiingie maji, mwili wake wa chuma uungwe na waya wa ardhi, na swichi iwekwe nje ya mlango au iwe ya kuvuta kwa kamba. Kazi yenyewe aachiwe fundi mwenye leseni, baada ya kuzima swichi kuu na kuhakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi mfululizo na sambamba kwa betri mbili na balbu mbili za tochi, bila hatari yoyote. Umeme wa nyumbani kamwe usiwe chombo cha majaribio. Lakini mwanafunzi aliyeelewa somo hilo aweza kumwuliza fundi swali moja: swichi hii inakata waya upi?