Buli la Chokoleti

Katika lugha ya Kiingereza yako maneno ambayo mtu aweza kuyajua yote, moja moja, na bado asielewe lililosemwa. Mwingereza akitaka kusema kwamba kitu fulani hakifai kwa kazi yo yote, husema kwamba kina manufaa kama ya buli la chokoleti. Husema hivyo kwa uso mkavu, wala hacheki. Msikilizaji aliyejifunza Kiingereza vitabuni ajua buli ni chombo cha chai, na chokoleti amekwisha kuionja. Lakini akiyaunganisha hayo mawili huenda akadhani kinasifiwa kitu cha anasa.

Hapo ndipo hasara huingia. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kimepeleka mfano wa magunia yake kwa mnunuzi wa Uingereza, naye akajibu kwamba magunia hayo, katika safari ya bahari, ni buli la chokoleti. Karani akiwafasiria wajumbe kwamba magunia yao yamefananishwa na chombo kitamu, watashangilia, wataagiza mengine elfu, na kahawa itaota ukungu melini. Karani huyo hakusema uwongo, kwani kila neno amelifasiri. Ila maana imempita kando.

Maana yenyewe imo katika moto. Mafuta ya kakao, ambayo ndiyo yanayoishikanisha chokoleti, huyeyuka kwenye joto la digiri 34 hivi za sentigredi, na joto la mwili wa binadamu ni digiri 37. Ndiyo sababu kipande huyeyuka juu ya ulimi, na mtoto akikifumbata kiganjani huichafua nguo yake. Chai nayo haikolei vema ila kwa maji yanayochemka, yaani digiri 100 pwani ya Mombasa, na karibu 95 Nairobi, maana kadiri mtu apandavyo mlimani ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo zaidi. Basi chombo ambacho kazi yake ni kushika maji ya moto kimefanywa kwa kitu kinachoshindwa na kiganja cha mtoto.

Zamani msemo huu usingaliweza kueleweka hata London. Katika karne ya 17 na ya 18 chokoleti ilikuwa kinywaji, na matajiri walikuwa na vyombo vya fedha vya kuimiminia. Buli la chokoleti lilikuwa pambo la meza. Chokoleti ya kutafunwa, iliyokazwa katika kalibu, ilitengenezwa na kampuni ya Fry ya mji wa Bristol mwaka 1847. Kabla ya hapo nani angaliwaza buli lililofinyangwa kwa chokoleti yenyewe?

Msemo huu una ndugu zake. Wengine husema kinga ya moto ya chokoleti, yaani lile pazia gumu lisimamishwalo mbele ya meko ili makaa yasirukie zulia. Wengine husema kisahani cha majivu ya sigara juu ya pikipiki. Sisi nasi twasema kutwanga maji kinuni, au kuteka maji kwa pakacha. Lakini tofauti ipo, na yafaa iangaliwe: misemo yetu humlaumu mtendaji aliyepoteza nguvu zake, hali wao hukicheka chombo. Tena si sawa na kusema kitu hakina thamani hata ya senti. Buli la chokoleti laweza kuwa la bei kali, limetengenezwa kwa ustadi mwingi, nalo lapendeza macho. Hata mwenye njaa angelila kwa furaha. Kasoro yake ni moja tu, kwamba halifai kwa kazi liliyopewa. Kwa hiyo wajumbe wa chama kile, wakisha kuielewa barua, wasimgombeze mshonaji wa magunia. Huenda magunia ni mazuri sana kwa mahindi ghalani.

Neno likielekezwa kwa mtu, mambo hubadilika. Marafiki wa Kiingereza walio sawa kwa umri na kazi huitana hivyo na kucheka, na yaliyosemwa huishia hapo. Likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo wake ofisini, ni jeraha, ingawa limevikwa mzaha. Na kijana wa kwetu atakayemwambia mzee hivyo kwa Kiswahili, akitumaini watu watacheka, atajikuta amesimama peke yake barazani.

La ajabu ni kwamba wako waliojaribu kulitengeneza buli hilo. Mwaka 2014, katika mji wa York, Uingereza, wataalamu wa kampuni ya Nestlé walilifanya kwa chokoleti nyeusi, tabaka juu ya tabaka, wakatia majani na maji ya moto. Wengi wangalitazamia mafuriko mezani. Lakini buli lilisimama dakika mbili nzima, chai ikakolea. Ukuta wa ndani uliyeyuka kidogo, lakini joto hupenya chokoleti polepole, na ile iliyoyeyuka ilibaki mahali pake ikaikinga iliyo nyuma yake. Sharti lilikuwa moja: asiwepo mtu wa kukoroga. Chai ilimiminwa ikanywewa, nayo ilikuwa na ladha ya chokoleti kwa mbali.