Seli zilizokuwa zikimeza dawa sasa zapewa kazi ya kupambana na saratani

Dawa nyingi za saratani huua seli za ugonjwa pamoja na seli zenye afya. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika na kupungukiwa damu. Ili kumpunguzia mateso hayo, watafiti walianza kuifungasha dawa ndani ya chembe zenye upana wa nanomita 100 hivi, kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele, wakitaka ifike kwenye uvimbe peke yake.

Chembe nyingi ziliishia njiani. Makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vitu vigeni, zilizidaka kwenye ini na bandama. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Canada, walipitia majaribio ya wanyama ya miaka 10 na kukuta kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya dawa iliyodungwa ndiyo iliyoufikia uvimbe.

Wako walioona fursa katika ulafi huo. Mwaka 2009 Ulaya iliidhinisha mifamurtidi kwa watoto na vijana wenye saratani ya mifupa iitwayo osteosakoma. Vitone vyake vya mafuta hubeba kemikali iliyoigwa kutoka kwenye ukuta wa bakteria. Makrofaji zikivimeza huchachamaa kana kwamba mwili umevamiwa, na kuyashambulia masalia ya saratani.

Huko Mainz, Ujerumani, kampuni ya BioNTech ya Uğur Şahin na Özlem Türeci ililenga seli za dendriti, zinazozionesha seli T, askari wa kinga ya mwili, sura ya adui. Mwaka 2016 watafiti wake walieleza kwamba hakukuwa na haja ya kubandika kitu chochote juu ya chembe ili ijue njia. Walibadilisha tu uwiano wa mafuta ya chembe na RNA iliyobebwa ndani yake, yaani maagizo ya kijeni ya kutengeneza alama ya saratani. Chembe zenye chaji chanya zilikwenda mapafuni. Zenye chaji hasi kidogo zilikwenda kwenye bandama, zilikojaa seli hizo.

Njia hiyo ilijaribiwa New York kwa wagonjwa 16 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya kongosho, mojawapo ya saratani zinazoua haraka zaidi. Kila mmoja alitengenezewa chanjo yake kutokana na kasoro za jeni za uvimbe wake, akapewa pamoja na dawa nyingine. Matokeo ya mwaka 2023 yalionesha kuwa seli T za wagonjwa 8 ziliitikia, na kwao saratani ilichelewa kurejea kuliko kwa wenzao. Hilo ni jaribio dogo lisilo na kundi la kulinganisha, hivyo majaribio makubwa zaidi yanahitajika kabla ya kuitwa tiba.

Desemba 2023 BioNTech ilizindua kiwanda cha chanjo za mRNA mjini Kigali. Ni hatua njema, lakini kiwanda peke yake hakitamfaa mgonjwa wa saratani wa Afrika Mashariki. Chanjo ya aina hii haianzi bila kipande cha uvimbe, nacho hupatikana mgonjwa akiwahi hospitali, akapata daktari wa upasuaji na maabara ya kusoma jeni. Serikali zetu ziwekeze huko sasa, na wagonjwa wetu waingizwe kwenye majaribio yajayo. Tukisubiri tiba ikamilike ugenini, tutaipokea ikiwa imechelewa na kwa bei isiyoshikika.